Felista kapewa sale, sa moyoni alisemaje?

Mama mdogo wangu hajawahi kusoma riwaya hata moja tangu amalize darasa la saba, lakini sijawahi kupata mhariri mkali kama yeye. Jioni huwa namsomea stori zangu jikoni, yeye anamenya ndizi za mtori mi nimekaa kwenye kigoda na simu yangu nasoma kwa sauti, na stori ikianza kupwaya hasemi imepwaya, anasema tu "haya weka hapo kwanza unisaidie kukata nyama." Hapo najua.

Sasa wiki mbili zilizopita nilikuwa namsomea stori ya Felista. Felista ni mdada aliyerudi kwao Kibosho baada ya ndoa kuvunjika, baba yake kabla hajafa akamkatia kipande kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, ukanda mwembamba tu, migomba na mibuni michache, jambo ambalo mnajua kwa Wachaga wa zamani mtoto wa kike kupewa kihamba halikuwa la kawaida kabisa. Baba alivyozikwa kaka mtu, anaitwa Deo, akaanza kusogeza mpaka. Na mipaka ya huku kwetu ni masale, mimea yenye majani marefu, unapanda mstari wa masale hiyo ndo hati yenyewe, kwaiyo Deo anang'oa usiku huku anapanda kule, hatua mbili, mwaka unaofuata hatua mbili nyingine. Wakakaa miaka minne hawaongei mpaka Desemba moja ukoo wote umepanda nyumbani kwa Krismasi, wa Dar wamekuja wa Mwanza wamekuja, wazee wakaona hii aibu sasa, wakawakalisha uani na Deo akaja na jani la sale mkononi.

Kwa ambaye si wa huku: ukikosana na mtu afu ukampelekea jani la sale, umeomba radhi kwa namna nzito kuliko maneno yoyote, na aliyepelekewa kulikataa si jambo dogo, watu watamshangaa yeye kuliko hata aliyekosa.

Basi nikasoma, na hapo najisikia fundi kweli kweli: "Felista akalipokea lile jani kwa mikono miwili. 'Nimekusamehe kaka,' akasema. Wazee wakapiga makofi, pombe ya mbege ikamiminwa." Nikanyamaza nisubiri sifa zangu. Mama mdogo anamenya tu. Afu akauliza bila hata kuniangalia, "Sa huyo kasamehe kweli au kasamehe kwa vile wazee wamemkodolea macho?"

Nikamwambia mama si nimeandika kabisa amesema nimekusamehe.

"Kusema kasema. Mi nauliza moyoni."

Nilitaka kubisha nikakosa la kubisha, maana ukweli hata mimi nilikuwa sijui. Nimemuumba mtu, nimempa jina, nimempa talaka, nimempa mpaka migomba, na kichwani mwake sijawahi kuingia.

Kosa langu lina historia. Sekondari tulikuwa na mwalimu mmoja wa fasihi, alitufundisha vizuri tu sina ugomvi naye, ila alikuwa na sheria yake kwamba mwandishi mzuri haandiki anachowaza mhusika, anaandika anachofanya, mengine msomaji atajaza mwenyewe. Nikalibeba hilo kama amri ya kumi na moja. Na lina ukweli, mtu akitupa sahani ukutani huna haja ya kuandika "alikasirika sana." Tatizo ni kwamba wengi wetu huku hatutupi sahani. Tumelelewa kwenye shikamoo. Unampa shikamoo mtu uliyemkasirikia mpaka tumbo linakuuma, naye anakuitikia marahaba mwanangu hujambo, na anayewaangalia kutoka barabarani anaona mama na mtoto wanapendana. Mkwe anamuuliza bibi harusi umeshiba, anasema nimeshiba mama asante, na hajashiba, na mkwe anajua hajashiba. Sa wewe mwandishi ukichukua maneno na matendo peke yake kwenye jamii ya hivi, utakuwa umeandika adabu, mtu hujamwandika bado. Yaani kwetu sisi moyoni ndo mahali pekee mtu anapoongea bila kuangalia kwanza nani kakaa.

Kesho yake asubuhi kabla sijafungua kibanda (nina kibanda cha steshenari na fotokopi hapa Moshi, ndo kinanilisha, hizi stori zinanilisha roho tu) nikaandika upya. Nikampa Felista ukurasa mzima na nusu wa mawazo. Akakumbuka utoto, Deo alivyokuwa anambeba mgongoni kuvuka mto, akakumbuka harusi yake, akakumbuka baba alivyokohoa usiku wa mwisho, na katikati hapo kuna sentensi naikopi kama ilivyo ili nijiadhibu: "Alihisi kwamba mfumo dume ulikuwa umemnyima haki yake ya msingi ya kumiliki rasilimali."

Rasilimali! Mtu amesimama uani na kanga, pua inawasha na moshi wa kuni, anawaza kama anaandika ripoti ya semina. Huyo si Felista, huyo ni mimi nimeingia kichwani mwake na kipaza sauti. Tena kinachochekesha zaidi, kwa ukurasa wote huo na nusu Deo kasimama pale pale kanyoosha mkono na jani lake, mkono umeshakufa ganzi, wazee wanasubiri, mbege inazidi kuchacha. Niliposoma kwa mama mdogo hakunimalizisha hata nusu. "Nyama iko kwenye bakuli la bluu."

Ijumaa hiyo nikaenda Arusha kufuata mzigo. Nikapanda Haisi, nikapata siti ya dirishani, na kwa vile bando lilikuwa limekata nikaamua kufanya kamchezo, kwamba tukitoka Boma Ng'ombe mpaka njia panda ya KIA niandike kwenye simu kila kinachopita kichwani kwangu bila kuchuja na bila kupamba. Hiki hapa, sijagusa kitu:

"gesi nimefunga. nimefunga nakumbuka nimefunga. huyu baba viatu vimepigwa kiwi mpaka kisigino anaenda mahakamani huyu au harusini. mlima leo umejifunika. rimu 20 au 15. konda muongo kasema siti moja ziko tatu. 15 afu ada inabaki. kwanini mama hakuniambia kama anaumwa. rimu 15. alizeti zimekauka zote zimeinama. mbona huyu mtoto ananiangalia. gesi"

Nilivyofika stendi nikakaa kwenye benchi nikaisoma mara tatu nne. Kitu cha kwanza nilichokiona kikanitisha kidogo. Lile la mama. Ndo kitu kizito kuliko vyote vilivyonipitia siku ile, na ndo kimekaa muda mfupi kuliko vyote, sentensi moja tu afu kichwa kikakimbilia kwenye rimu. Sikukaa nikatafakari maradhi ya mama yangu kwa aya tatu zenye vivumishi. Nilikimbia. Na gesi ikarudi tena mwishoni, na mimi gesi wala sikuwa nimeisahau, nadhani kichwa kilikuwa kinatafuta tu kitu cha kuhofia ambacho kina dawa. Sasa linganisha na nilichomfanyia Felista, nimemchukua mwanamke mwenye jeraha bichi nikamkalisha juu ya jeraha ukurasa mzima na nusu analiangalia. Hakuna mtu anaweza hivo, labda mtakatifu.

La pili, mimi kichwani sijielezi. Sijasema "mama yangu mzazi, ambaye anaishi mbali na mimi." Nishajua ni nani. Waandishi wengi wa stori za sehemu ya kwanza sehemu ya pili kwenye magrupu tuna huu ugonjwa, mhusika anawaza historia yake mwenyewe kama anajitambulisha kwenye kikao, "mimi niliyezaliwa miaka ishirini na nane iliyopita", kwani alikuwa hajui?

Kwa wanaopenda kujua haya mambo yalianzia wapi, mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, William James, kwenye kitabu chake cha mwaka 1890 aliandika kwamba fahamu haiji vipande vipande, inatiririka kama mto, na miaka ya 1920 watu kama James Joyce na Virginia Woolf wakautia huo mto kwenye riwaya. Sa mto wenyewe mbichi kama wangu wa Boma Ng'ombe ukiuweka wote kwenye stori msomaji anashuka kituo kinachofuata, lazima uchote. Kwetu sisi mtu wa kuangalia ni marehemu Kezilahabi, riwaya yake ya Kichwamaji ya 1974, mhusika mkuu Kazimoto anasimulia mwenyewe kwaiyo tangu mwanzo wewe msomaji umefungiwa kichwani kwake, na si kichwa cha kupumzikia kile. Na kuna Bruto pia, kwa wanaokumbuka tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka 1963. Yuko peke yake bustanini usiku, na anaanza na jibu, kwamba dawa ni Kaizari kufa, afu ndo anaanza kutafuta sababu, na akizitafuta anajikuta hana hata kosa la Kaizari la kushika mkononi, ana "huenda" na "labda" tu. Hilo nalipenda sana kwasababu ndo tulivyo, tukishaamua ndo tunaanza kujishawishi. Mtu anajidanganya hata akiwa peke yake, hata kichwani ambako hakuna wa kumdanganya. Nikaandika pembeni: Felista aseme hana kinyongo. Ajisemee mwenyewe, kwa dhati kabisa. Afu tuone.

Sasa lugha. Hapa ndo nilipata raha, maana nilikuwa nahangaika na "aliwaza kwamba", "alijisemea moyoni kuwa", "alijiuliza ni kwanini", kila sentensi ina mlinzi mlangoni anakuomba kitambulisho kabla hujaingia. Na Kiswahili chetu hakitaki hayo yote. Angalia, "Felista aliwaza kwamba Deo alikuwa amezeeka." Sawa, imeeleweka, imekufa. Sa andika, "Kumbe Deo kazeeka." Umeshaingia ndani, hakuna aliyekufungulia mlango, maana kumbe haiwezi kuwa ya msimulizi aliyekaa juu anayejua kila kitu, yeye ashangae nini? Kumbe ni ya mtu aliyegundua sasa hivi. Mbona ni ya mtu aliyeona kitu hakijakaa sawa. Hivi ni ya anayeanza kushuka kwenye shimo, "hivi huyu ananionaje?" Na eti, jamani eti, ukiandika "Deo aliomba radhi" ni taarifa, ukiandika "Eti radhi" umemwona Felista mpaka mdomo ulivyobetuka, na hajasema kitu, kasimama vile vile na adabu zake.

Hata ile kazeeka badala ya amezeeka. Mi nimeanza kuitumia makusudi, msimulizi wangu anasema amezeeka, amefika, amekaa, kistaarabu, kichwa cha mhusika kinasema kazeeka, kafika, kakaa kwanza nani kamkaribisha. Msomaji hata hajui kwanini anasikia sauti imebadilika, anasikia tu.

Kuna mtego lakini. Hii "a" yetu haijali mume wala mke wala nani, "alijua anamdanganya", nani alijua, nani anadanganywa? Kwenye ile rasimu ya kwanza nilikuwa narukaruka, mstari huu niko kwa Felista mstari ule kwa mzee wa ukoo, mama mdogo akaniuliza "sa huyu anayewaza ni nani, mbuzi?" Siku hizi tukio moja kichwa kimoja, basi. Na kinachonisaidia kuwatenganisha ni kujiuliza mtu huyu kichwani anamwitaje mwenzake. Kwa mdomo Felista anasema kaka. Kichwani siku za amani ni Deo. Siku ya hasira hana jina, ni "huyu." Mchunguze mtu yeyote unayemchukia uone kama kichwani bado unamwita jina lake kamili.

Nilikwama pia kwenye lugha gani Felista anawazia, maana kiukweli mtu wa Kibosho akiumia haumii kwa Kiswahili. Nilijaribu kutia maneno ya Kichaga, nikaona kila neno nalazimika kulitafsiri, na kichwa kinachojitafsiri si kichwa. Nikaacha. Nikabakiza vitu badala ya maneno, tope, majani, mfereji, vitu vya kihambani ambavyo mtu wa kihambani lazima avione kabla ya mtu mwingine.

Na hapo ndo stori ikafunguka yenyewe, kwenye Haisi ya kurudi, tumeshapita Usa River, nina rimu 15 miguuni. Yule baba wa viatu vya kiwi. Mimi niliona viatu vyake kabla ya uso. Felista naye si ataangalia chini? Mtu mwenye aibu na hasira mbele ya wazee anaangalia wapi? Na Deo viatu vyake vina nini?

Nikaandika palepale:

"Deo akanyoosha mkono. Jani lilikuwa bichi, chini pale lilipochumwa bado lina unyevu. Felista akalipokea kwa mikono miwili.

Kumbe kalichuma sasa hivi. Viatu vina tope. Uani pakavu, barabarani pakavu, tope liko mferejini tu. Na mfereji unapita wapi.

Eti radhi.

'Mama, tunakusikiliza,' akasema mzee wa ukoo.

Kazeeka huyu. Shingo imekuwa ya baba kabisa, mpaka mkunjo. Nani sijui kaacha sufuria wazi nzi wanaingia. Hatua mbili na mbili, nne.

'Nimekusamehe kaka,' akasema Felista.

Mimi sina kinyongo na mtu. Nne, na za mwaka jana mbili. Sita.

Wazee wakapiga makofi."

Angalia baba alivyopita pale kwenye shingo, anapita haraka afu kichwa kinakimbilia kwenye sufuria. Hiyo nimejifunza kwa mama yangu na rimu. Na mpaka sijauelezea tena, wala sijaandika kwamba jani la msamaha limechumwa kwenye masale ya ardhi aliyoiba, nilitamani sana kuandika jamani, kidole kilikuwa kinawasha, nikajizuia, maana Felista mwenyewe hawezi kujimalizia hiyo sentensi. Anaishia kwenye "unapita wapi" hata alama ya kuuliza hana.

Jumamosi jioni nikamsomea. Siku hiyo ilikuwa si mtori, ilikuwa maharage ya kuchambua, kaweka ungo mapajani. Nilivyofika kwenye "Sita" mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Kahesabu mbele ya wazee?"

"Kichwani."

Akacheka yule mama, akacheka mpaka akafuta macho na ncha ya kanga, "sita! na makofi wanapiga!" Mi hapo nimevimba kichwa nasubiri aseme tu mwanangu umeweza. Akarudi kwenye maharage, akatupa jiwe moja nje mlangoni, akakaa kimya kama dakika nzima.

"Na huyo Deo je?"

"Deo kafanyaje mama?"

"Masale yamejaa huko, hata nyuma ya choo yapo. Mtu hatoki uani akaenda kuchuma sale kwenye mpaka alioiba mwenyewe kwa bahati mbaya. Ama anamtukana dada yake mbele ya wazee wote na wazee hawajui, ama ndo anamwambia najua nilichofanya na najua na wewe unajua. Sa ni lipi?"

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo, mimi jani nililileta kwa ajili ya Felista tu. Nikasema nitaangalia. Nimeangalia siku nne sasa, nimeanza tukio upya kutoka upande wa Deo, anatoka mferejini na jani mkononi anakuja uani, ni kama hatua arobaini hivi, na kila nikimwandikia wazo nalifuta, nimemfikisha kwenye banda la mbuzi kakwama hapo. Mama mdogo kila jioni akiniona na simu ananiuliza, "Kafika?"